Nyumba Iliyobebwa Mgongoni

Nyumbani
3 Machi

Mdogo wangu Hakimu,

Salamu nyingi kutoka kwa mama na kwangu. Hatujambo, isipokuwa kifua cha mama, nawe unajua kinasumbuliwa na nini. Mifuko ya saruji ya baba mdogo bado imejaa katika karakana ya marehemu baba, na kila wapagazi wake wanapokuja kuongeza au kupunguza, vumbi linapita chini ya mlango na kutua juu ya kila kitu. Vitambaa vya wateja navikung'uta kwanza ndipo nivipitishe kwenye cherehani.

Nakuandikia kwa jambo moja. Ile benki yenye jengo jipya mkabala na posta imekubali kuuhamishia kwao mkopo wa nyumba. Wataulipa wote kule benki ya zamani, halafu sisi tutawalipa wao polepole, kwa riba ndogo zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Marejesho ya kila mwezi yatashuka karibu nusu. Wewe unajua hesabu kuliko mimi, lakini mimi ndiye ninayeyalipa tangu baba alipofariki, na nakuambia kwamba hiyo nusu ni daktari wa kifua cha mama, na ni mimi kuacha kuomba malipo ya gauni ambalo bado sijalikata.

Baada ya mirathi hati ya nyumba iliandikwa majina matatu, la mama, langu na lako. Kwa hiyo wanataka saini tatu. Mama na mimi tumeshatia. Fomu hii hapa. Tia yako pale nilipoweka alama ya penseli, uirudishe mapema. Riba hiyo wameishikilia mpaka mwisho wa Aprili tu.

Jingine heri ulisikie kwangu. Baba mdogo anajua, na amefurahi. Mkopo wa zamani ukifungwa, udhamini wake unakwisha na benki inamrudishia hati ya duka lake. Jana aliingia bila hodi, kama kawaida yake, akafunua sufuria jikoni, akatazama kilichomo, akasema mtoto wa kike huyu ana akili, inasikitisha hakusomeshwa yeye.

Dada yako


Ofisini
9 Machi

Dada yangu,

Shikamoo.

Fomu imefika, nami nimeisoma kwa makini kuliko aliyeiandika. Kisha nikautoa mkataba wa mwanzo, ule alioutia saini baba ili nisome, ambao niliuchukua nyumbani baada ya msiba, nikausoma nao mstari kwa mstari, kwa jicho la mtu anayelipwa kila siku na wakili kutafuta makosa ya watu wengine. Sitatia saini. Na kwa kuwa wewe si mtu wa kuambiwa sitaki ukaridhika, naomba univumilie nikupe sababu zangu.

Nianze na mtu, kisha nije kwenye sheria. Unakumbuka msibani, udongo wa kaburi haujakauka, jinsi baba mdogo alivyosimama katikati ya ua akawaambia majirani wasiwe na wasiwasi juu ya mjane na watoto, kwa kuwa nyumba hii, alisema, anaibeba yeye mgongoni. Hakuwahi kulipa rejesho hata moja. Alichotoa ni saini, pamoja na hati ya duka ambayo imelala salama ndani ya kabati la benki isipate hata vumbi. Wiki iliyofuata akaitoa nje meza ya useremala ya baba, ikanyeshewa mpaka mbao zikapasuka, ili apate pa kuweka saruji pasipo kulipa kodi. Na siku ya sherehe ya shahada yangu alikichukua cheti mikononi mwangu, akakiinua mbele ya wageni, akasema nusu ya karatasi hii ni ya benki na nusu ni yake. Walicheka, dada. Hata mhadhiri wangu niliyemwalika alicheka. Nimesoma vitabu vingi juu ya kusamehe, na baadhi yake vimeandikwa kwa lugha ya kuvutia. Sijakutana na kimoja kilichoandikwa na mtu aliyewahi kuchekwa namna ile.

Sasa sheria. Mkopo wa zamani unamfunga baba mdogo shingoni. Mkataba unasema wazi kwamba marejesho yakisimama, benki inaweza kumwendea mdhamini na mali yake bila kusubiri kuiuza nyumba kwanza. Tukiuhamisha mkopo, tunamfungua kamba kwa mikono yetu wenyewe. Tusipouhamisha, na marejesho yakakwama kwa miezi michache, benki itakwenda dukani kwake. Nataka siku moja aingiliwe bila hodi, na watu wa mnada, na majirani walewale wawepo.

Kwa hiyo usilipe tena. Unachokipata kiweke. Miaka yote tumelitumikia deni hili. Ni zamu yake sasa kututumikia sisi.

Mdogo wako


Nyumbani
14 Machi

Hakimu,

Marahaba.

Barua yako nilimsomea mama mpaka pale penye meza ya baba. Hapo akaniambia inatosha, akaenda kuanua nguo ambazo tulikuwa ndiyo kwanza tumezianika.

Nilikwenda benki ya zamani kuulizia hicho kifungu chako. Afisa amekubali kwamba kipo. Nikamuuliza, basi mtaanza na duka? Akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Dada, benki haina baba mdogo. Inaanza na kinachouzika haraka." Nikamuuliza kipi hicho. Badala ya kunijibu akaniuliza kama vyumba vyetu vya mbele vinatazama barabara. Nikaaga nikaondoka.

Umeona basi. Unapanga vita ukiwa ofisini, na uwanja wa vita ni chumba anacholala mama.

Usidhani mimi simchukii. Namchukia kuliko wewe, maana wewe unamchukia kwa kumbukumbu, mimi kila siku naanza upya. Wiki hii baba mdogo alipita wakati mama anaoga, mlango wa uani uko wazi, akaenda zake mpaka karakana kuhesabu mifuko. Aliporudi akasimama nje ya bafu akasema, shemeji, nyumba yangu inataka rangi. Mama alikaa ndani ya bafu mpaka maji yakapoa, akiogopa kutoka. Mimi nilikuwa na pini mdomoni, karibu nizimeze pamoja na maneno yote.

Lakini nimegundua kitu. Ana haraka. Amepata fremu kubwa ya duka kwenye barabara mpya, na mwenye fremu anataka kuona hati kama dhamana kabla Aprili haijaisha, la sivyo anampangisha mwingine. Anakuja hapa kila siku kuuliza kama saini yako imefika. Sijawahi kumwona akiuliza kitu kwetu, alizoea kuagiza.

Tia saini. Mengine niachie mimi.

Dada yako


Ofisini
20 Machi

Dada,

Shikamoo.

"Mengine niachie mimi" ni sentensi ambayo katika familia yetu imekuwa ikimaanisha kwamba hakutafanyika kitu. Nakujua. Utamkaripia baba mdogo moyoni, utamtengea chakula, na mwisho wa yote atakwenda kwenye fremu yake mpya akiwa na hati mkononi, akiwasimulia wateja jinsi alivyotubeba.

Umeniletea maneno ya afisa wa benki kana kwamba ni hukumu. Afisa si mkataba. Akitaka kubishana nami juu ya kifungu, aniandikie, nitamjibu kwa urefu unaostahili. Kuhusu mama, nakuhakikishia kwamba benki yenye akili haiwezi kuacha duka la kona lisilo na mtu anayelala ndani ikaenda kumtoa mjane kitandani. Hata ikithubutu, nitaiweka mahakamani mpaka maafisa wake wastaafu.

Naona sasa kwamba haraka yake ndiyo silaha yetu. Basi na ingoje. Bila saini yangu hakuna benki itakayosogea, na saini yangu haisogei. Nakurudishia fomu bila saini, ila nimesahihisha makosa ya lugha katika ukurasa wa kwanza na wa pili kwa wino mwekundu, kwa faida ya watakaoijaza baada yetu.

Mdogo wako


Nyumbani
27 Machi

Hakimu,

Fomu imefika na wino wako mwekundu. Kule benki mpya wameizungusha meza hadi meza, kila mtu akiitazama.

Siandiki kukubembeleza tena. Nimechoka, na gauni za harusi mbili zinanisubiri. Naandika ujue tu yanayosemwa, kwa kuwa uko mbali na ni haki yako kuyajua. Baba mdogo anatangaza kwa kinyozi kwamba hutii saini kwa sababu unangoja mama afumbe macho, uuze nyumba, uchukue fungu lako ukanunue gari. Anasema hasira zako juu ya meza ya marehemu ni koti tu, ndani ya koti kuna tumbo. Nilipita pale nikakutetea. Nikasema mdogo wangu hajali fungu lake, anachotaka ni heshima ya baba. Kinyozi akaacha kunyoa, akaniuliza, "Hilo amelisema kwa maandishi, au unamsemea?" Watu wakacheka. Nikaenda zangu.

Juzi, tukiwa tunachambua mchele, mama aliniuliza kama ni kweli gari umeshalichagua.

Nami nimeanza kujiuliza. Mtu asiyekitaka kitu haking'ang'anii hivi. Labda mwenyewe hujui. Mimi sikusoma, sijui hoja inavyojengwa, lakini naona hii yako imepwaya mahali fulani, na wanaoiona si mimi peke yangu.

Dada yako


Ofisini
2 Aprili

Dada,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mpaka chai ikapoa. Kisha maneno yakaja yote kwa pamoja, na nimelazimika kuyapanga foleni.

Kwa hiyo ndivyo ninavyoonekana. Mtu aliyekesha na vitabu ili familia yetu iwe na angalau mtu mmoja asiyeweza kudanganywa, leo anahojiwa na kinyozi. Na wewe, dada, badala ya kumnyamazisha, umekuja kuniuliza swali lake kwa mkono wako.

Vema. Hoja hujibiwa kwa hoja, na tuhuma hujibiwa kwa kiapo. Hiki hapa. Nimekiandika mwenyewe, bila kunakili kwenye vitabu vya mifano ambavyo vimejaa lugha mbovu, na nimekiapa mbele ya wakili ninayemfanyia kazi, ambaye ni kamishna wa viapo. Kabla ya kugonga mhuri aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamjibu kwamba hakika ndiyo kitu pekee ambacho sijawahi kupungukiwa.

"Mimi, mtoto wa kiume wa marehemu, nikiwa na akili timamu na bila kushawishiwa wala kushurutishwa na mtu yeyote, ninaiacha na kuitoa moja kwa moja sehemu yangu yote katika nyumba ya marehemu baba yangu, kwa mama yangu na dada yangu, waimiliki, waiweke rehani, waiuze au waifanyie watakavyo pasipo kuniuliza, na sitaidai mimi, wala mrithi wangu, wala yeyote asemaye kwa jina langu, leo wala baadaye, kwa sababu iliyotajwa au isiyotajwa humu."

Kipeleke kwa kinyozi. Mwambie akibandike juu ya kioo, wateja wakisome huku wakinyolewa. Mwonyeshe mama, umwambie hakuna gari. Baada ya hapo itabaki hoja moja tu kati yangu na baba mdogo, nayo imetakaswa: siitaki nyumba, namtaka yeye. Saini yangu kwenye fomu ile ya benki hamtaipata.

Mdogo wako


Dukani
26 Aprili

Mwanangu,

Natumaini kazi inaendelea vizuri huko. Ni muda mrefu hatujaandikiana. Kosa si langu, ila nimekwisha kulisamehe.

Kwanza nakushukuru. Sikutegemea kwamba utafanya uungwana ule. Dada yako alikipeleka kiapo chako kwenye ile benki mpya, mwanasheria wao akasema saini yako haihitajiki tena, mkopo umehamishwa, na hati ya duka langu ninayo mezani hapa ninapoandika. Ungekuwa karibu ningekununulia soda.

Lakini dada yako, mwanangu, dada yako. Tumbo lile limezaa nini sijui.

Fomu ya kwanza benki waliikataa kwa sababu ya wino mwekundu ambao hakuna aliyejua umetoka wapi. Kwa hiyo ikabidi yeye na mama yako watie saini upya. Nikadhani ni shughuli ya dakika. Nikaenda pale na kalamu yangu mfukoni. Akanitazama juu ya cherehani, miwani puani, akasema gharama za mthamini na za mwanasheria ni za nani? Nikasema tutaona. Akaendelea kushona. Nikalipa, kwa kuwa mwenye fremu alikuwa ananipigia simu mchana kutwa.

Nikarudi na risiti. Akasema sasa saruji. Nikamwambia nitawatuma wapagazi wangu kesho yake. Akasema wapagazi hapana. Akaniambia hivi, na mama yako kakaa pembeni anasikia: "Msibani ulisema unaibeba nyumba hii mgongoni. Tuoneshe mgongo."

Nilicheka. Nikaondoka. Siku ya pili nikarudi, siku ya tatu nikarudi. Kalamu iko palepale mezani na haishikwi. Mwenye fremu akaniambia kuna mtu mwingine amekuja kuiangalia. Basi Jumamosi nikaenda nimevaa shati kuukuu. Kufika nikakuta viti uani, kinyozi yupo, mke wa mwalimu yupo, wale wote waliokuwapo msibani wapo, eti wamekuja kupimwa nguo. Niliibeba mifuko yote, mwanangu, kutoka karakana hadi garini, mimi mtu wa rika langu. Na mama yako akakaa kwenye kigoda mlangoni. Kila nikirudi kuchukua mwingine anauweka mguu wake kizingitini, ananiambia bila kupaza sauti, "Hodi kwanza, shemeji." Nikisema hodi haitikii papo hapo. Ananiacha nisimame. Ndipo anasema karibu. Kila mfuko. Baada ya hapo ndipo kalamu ikashikwa. Mpaka sasa nikijikunja kufunga kiatu nahitaji msaada.

Sasa sikiliza jambo la maana. Wewe ni mwanamume na ni msomi. Haifai nyumba ya kaka yangu ikaliwe na wanawake wawili, na wewe ukabaki kulipa kodi kwa watu. Kile kiapo uliapa kwa hasira, kila mtu anajua, na kuna mawakili wanaoweza kukivunja. Nitakulipia mimi. Ukilipata fungu lako, utaniuzia kwa bei ya ndugu. Tutakuwa tumemaliza ugomvi wetu, na yule msichana atajifunza adabu.

Nijibu upesi.

Baba yako mdogo


Ofisini
1 Mei

Dada,

Habari za nyumba yetu nimezipata kwa mtu ninayemchukia kuliko wote, naye amezileta kwa shukrani. Sidhani kama kuna tusi la ukamilifu huo.

Kiapo kile kilikuwa jibu. Kiliandikwa ndani ya mabishano, kikatumwa ndani ya mabishano, na mtu yeyote anayejua kusoma barua angejua kwamba kilikusudiwa ukuta wa kinyozi, si jalada la benki. Ukakitoa katika barua yangu kama mtu anayenyofoa kitufe kwenye koti la mwenzake akakishona kwenye lake. Nilikuandikia wewe, nawe umekitumia kunitoa nje ya nyumba niliyozaliwa, na kumwachia huru yule niliyekuomba tumfunge pamoja.

Nimekisoma kiapo upya nikitafuta pa kukipinga. Nasikitika kukuarifu kwamba hakuna. Niliziba kila ufa.

Imebaki hasira, na baba mdogo ameahidi kuigharamia. Anataka niseme mahakamani kwamba niliapa bila utulivu wa akili. Atanilipia wakili, kisha nimuuzie fungu langu. Nakiri kwamba nimeiweka barua yake kwenye droo na sijaichana. Kabla sijamjibu, nataka unieleze, kwa maneno yako na bila kunificha, ulijua nini ulipokuwa ukiniandikia yale ya kinyozi.

Mdogo wako


Nyumbani
8 Mei

Hakimu,

Nilijua yote.

Fomu yako yenye wino mwekundu niliipeleka benki mpya nikilia, sikufichi. Mwanasheria wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo, akaniambia nisilie: mwenzenu akikataa kutia saini, basi aape kwamba ameliacha fungu lake, biashara itaendelea bila yeye. Nikamwambia ndugu yangu huyo hawezi kuacha kitu. Akaniuliza ni mtu wa namna gani. Nikamwambia ni mtu ambaye hajawahi kuacha hoja ipite bila kuijibu. Tukatazamana.

Nikaja nyumbani nikakuandikia. Kinyozi aliuliza kweli, na baba mdogo alisema kweli, hayo sikuyatunga. Ila sikuwa na haja ya kukufikishia. La mama na gari ndilo nililolitunga. Mama hakuuliza kitu.

Kiapo kilipofika, yule mwanasheria alikisoma mpaka mwisho, akarudia, akavua miwani. Akasema katika kazi yake yote hajaona mtu aliyejifungia nje kwa ustadi namna hii.

Unasema nimekutoa nje ya nyumba. Ni kweli, na sikukosea, nilikusudia. Kwa sababu uliniandikia usilipe tena, unachokipata kiweke, kama mtu anayemwagiza karani. Deni ambalo nimelilipa kwa macho yangu, gauni kwa gauni, tangu ukiwa chuoni, wewe ukaligeuza kamba ya kumtegea baba mdogo, na chambo ni kitanda cha mama. Yeye aliingia bila hodi kwa miguu. Wewe uliingia kwa barua. Mlikuwa wanaume wawili mnapigania nyumba ambayo hakuna kati yenu anayelala ndani yake, na kila mmoja aliamini kwamba mimi ni fomu ya kujazwa.

Na usiseme nimemwachia huru. Wewe ulitaka auziwe duka na watu asiowajua, kwa karatasi, siku ambayo hata sisi huenda tungekuwa tumeshatolewa nje. Mimi nilitaka nimwone. Nilimwona, Hakimu. Alipofika mfuko wa mwisho mwisho, vumbi limemjaa kwenye nyusi, alisema hodi kabla hajaambiwa. Mama akanitazama. Sijamwona akitabasamu hivyo tangu msiba. Usiku ule hakukohoa, au labda alikohoa nami nilikuwa nimelala, maana nililala.

Karakana sasa ni tupu. Nimepeleka cherehani huko. Meza ya baba fundi mmoja ameifunga kwa vyuma, imesimama, ninakatia nguo juu yake. Mfuko mmoja ulisahaulika nyuma ya mlango, ulinyeshewa zamani ukawa jiwe. Wateja wamejitolea kuuondoa, mama amekataa. Anasema mwenyewe yupo.

Barua ya baba mdogo iliyo kwenye droo yako, fanya nayo unavyopenda. Ukiungana naye, tutaonana mahakamani, na kiapo chako nitakisoma mwenyewe kwa sauti, nimeshakihifadhi kichwani. Usipoungana naye, chumba chako kipo na shuka nimezifua. Lakini ukija, piga hodi. Siku hizi hapa kila mtu anapiga.

Dada yako


Ofisini
15 Mei

Baba mdogo,

Shikamoo.

Barua yako ya tarehe 26 Aprili imenifikia. Nimechelewa kuijibu kwa sababu ilinibidi kwanza niifikirie kwa uzito, jambo ambalo halijawahi kutokea kati yetu.

Unanishauri niiambie mahakama kwamba niliapa kwa hasira. Hilo ni kweli. Hasira ilikuwapo, ingalipo, na imenenepa. Lakini hakuna sheria ninayoifahamu isemayo kwamba mwenye hasira hajui anachokitaka. Niliandika kwamba siitaki nyumba, nakutaka wewe. Kinyozi alikuwa ameshatilia shaka maneno ya namna hiyo, na huenda alikuwa na haki yake siku ile. Leo hana. Imenigharimu nyumba kuyafanya yawe ya kweli, nami siwezi kukuuzia ukweli wa bei hiyo kwa bei ya ndugu.

Dada yangu amenitendea jambo ambalo nitalibishania naye mpaka tuzeeke, na nina hakika kwamba atanishinda. Hilo ni letu. Halikuhusu, na ukilitaja tena kwa kinyozi nitakuandikia kiapo kingine, juu yako, na umeshaona ninavyoviandika.

Nilitamani duka lako nikalikosa. Badala yake majirani wameupata mgongo wako, na ninachosikitikia ni kwamba sikuwapo kuuona. Bahati nzuri nimearifiwa kwamba umebaki mfuko mmoja nyuma ya mlango wa karakana, umegeuka jiwe, na mama hataki uguswe na mtu mwingine.

Nitakuwa nyumbani Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, nikiwa mgeni kama wewe. Nimeomba niwekewe kiti uani, karibu na kinyozi. Njoo asubuhi, uje na shati lilelile. Mlango utaukuta umefungwa. Piga hodi, kisha usubiri; mama siku hizi hana haraka ya kuitikia.

Mwana wa kaka yako